Pua Yangu, Masikio ya Mzee Mgaya

Mliponiaga pale karakanani Ilomba, tulikokaanga kahawa na kutengeneza mashine zake, mlitoa hotuba nzuri sana kuhusu mtu nisiyemfahamu. Ati alikuwa mpole. Ati hakuwahi kugombana na mteja. Nilikaa kwenye kiti changu cha heshima, kile mlichokivisha kitambaa kama cha bibi harusi, nikasubiri mtaje jina lake nami nimjue. Sherehe ilipokwisha mkaanza kunijia mmoja mmoja na swali lilelile: Mama Tuse, mtu akitaka mashine ya kahawa ya nyumbani, ile unayotia punje juu na kikombe kinajaa chini, anunue ipi? Nikasema nitawaandikia. Mlicheka, mkidhani nakwepa. Basi jibu ni hili, ila linaanzia mbali kidogo, maana karibu kila ninachokijua kuhusu mashine hizo nilifundishwa na mpishi ambaye hakuipenda kahawa hata kidogo.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwenye hoteli moja ya Mbeya mjini. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya dada yangu, vilivyonibana kiasi kwamba niliwahudumia wageni kwa hasira, na mmoja akaniambia nina sura ya mtu mwenye msimamo. Kwetu ni Rungwe. Baba alilima kahawa, na baba mdogo, na kila jirani. Lakini kwetu kahawa ilikuwa mti. Ilikuwa ada ya shule na bati la nyumba, na ilikuwa sababu ya baba kununiana na jirani juu ya mpaka. Kinywaji kilikuwa chai. Pale hotelini nako kahawa ilitoka kwenye kopo. Mgeni alikaa barazani, akaiangalia milima iliyojaa kahawa, huku anakoroga unga uliovuka bahari mara mbili ili umfikie. Hakuna aliyeona ajabu, na mimi nikiwemo.

Mashine tuliipata kwa urafiki wa mataifa. Wajenzi wa barabara kutoka Ulaya walikuwa wanafunga kambi yao, na mashine yao ya kahawa ilikuwa nzito mno kuirudisha kwao. Wakaitoa zawadi kwa hoteli. Mtaliano mmoja aliyeitwa Renzo akaja kuifunga. Kiswahili chake alikipata barabarani, kwa hiyo alijua majina yote ya mawe na matusi machache. Alinichagua mimi nifundishwe kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu. Watu huwa wananiuliza nilianzaje ufundi, wakitarajia niseme niliota ndoto nikiwa mtoto. Nilisimama karibu, basi.

Niwaeleze ilivyofanya kazi, maana mashine zenu za leo zinafanya mambo yaleyale, ila zimeyaficha ndani ya plastiki ili mtu alipie siri. Kwanza ni kinu. Punje zilikaa kwenye bakuli la kioo, zikateremka katikati ya sahani mbili za chuma zenye meno, moja imetulia na nyingine inazunguka. Ukizisogeza zikaribiane, unga unatoka laini. Ukizitenganisha, unapata chenga kama za mahindi. Unga ule unaushindilia kwenye kichujio chenye mpini, kichujio unakifunga chini ya boila, na ndani ya boila kuna maji ya moto yaliyobanwa. Kulikuwa na wenzo mrefu. Ukiuvuta chini, springi inajikunja na maji yanakuja kukaa juu ya unga. Ukiuachia taratibu, springi inayasukuma yapite kwa nguvu, na kahawa inashuka kikombeni ikiwa nyembamba kama mkia wa panya. Ukiuachia vibaya, wenzo unapanda na kukupiga kidevu. Renzo alikuwa na kovu kidevuni, na somo hilo hakulihitajia Kiswahili.

Renzo aliondoka akatuachia kitabu cha maelekezo kwa Kitaliano. Kilitusaidia sana. Meza ya mashine ilikuwa inayumba mguu mmoja, na kitabu kilikuwa na unene uleule uliokosekana.

Sasa nimtaje Mzee Mgaya. Alikuwa mpishi mkuu, Mbena wa upande wa Njombe, mrefu, mkimya, mwenye masikio makubwa ambayo wahudumu waliyasema akiwa hayupo. Alikuwa amewapikia Waingereza, kisha wamisheni wa Kilutheri kule Iringa, na wakati ule aliwapikia wananchi, na alisema wote wanalalamikia nyama. Yeye mwenyewe alikunywa uji. Siku moja nilikuwa nasaga, yeye yuko upande wa pili wa ukuta anamenya viazi, nikasikia sauti yake.

"Tuse! Hiyo mashine yako ina njaa."

Nikachungulia bakuli. Kweli, punje zilikuwa zinakaribia kwisha.

"Mzee, umejuaje na wewe huko huoni?"

"Inalia nyembamba. Ikishiba inalia nene. Wewe una masikio ya kuvalia hereni tu?"

Ndivyo masomo yalivyoanza, kwa matusi ya kiungwana. Alinifundisha kuisikiliza mashine yote, toka juu mpaka chini. Kahawa ikianguka kikombeni kwa fujo, unga ni wa chenga mno na maji yamepita bila salamu. Ikidondoka tone, kimya, tone, unga ni laini mno na maji yamezuiwa mlangoni. Maziwa unapoyapiga mvuke, mwanzoni yanatoa sauti ya kanga inayochanwa. Hiyo ni hewa inaingia, ndiyo povu. Kisha sauti inashuka na kuwa nzito. Ikianza kupiga kelele umeshayaunguza, wape paka. Nilidhani ni maringo ya mpishi mzee anayetaka kuonyesha kwamba hata chombo asichokipenda anakiweza. Sikujiuliza kwa nini mpishi afanye kila kitu kwa masikio.

Punje za mashine ile zilitoka ng'ambo. Mmesoma sawasawa. Kahawa ya baba ilishuka kutoka Rungwe, ikaenda Moshi kukobolewa, ikapanda meli, ikakaangwa Ulaya, kisha punje chache zikarudi Mbeya ndani ya mikebe, nyeusi, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Fedha za kigeni zilipoadimika, mikebe ikaadimika nayo. Meneja wetu, mtu wa kunyoosha suruali hata kwenye tope, aliita kikao akasema maneno ambayo leo naona yalikuwa na akili kuliko tulivyoyapokea. "Ndugu zangu, tumezungukwa na kahawa. Tutashindwaje kukaanga wenyewe?"

Baba mdogo alituletea kahawa ya maganda aliyokuwa ameibakiza nyumbani. Tukaitwanga kwenye kinu kama mpunga, tukaipeta kwa ungo, zikabaki punje za kijani zenye harufu ya majani makavu. Mpaka hapo tulikuwa mafundi. Kukaanga ndiko kulikotushinda, kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona kahawa ikikaangwa. Tukachukua punje za mwisho za mkebe wa Ulaya, tukapeana mkono kwa mkono, tukazitazama kwenye mwanga kama madaktari. Zilikuwa na mafuta. Ukizishika, vidole vinang'aa. Basi jiko zima likaafikiana: wazungu wanazikaanga kwa mafuta. Nani angetuambia kwamba mafuta yale yanatoka ndani ya punje yenyewe ikikaangwa sana? Labda kitabu cha Renzo, na chenyewe kilikuwa chini ya meza.

Mzee Mgaya akabandika kikaango kikubwa akamimina mafuta. Nayo yalikuwa adimu siku hizo, kwa hiyo alitumia yaliyokuwepo, yaliyokaangia mbasa, wale samaki wa Kyela. Sisi wengine tulikuwa ukumbini tunatoa chakula cha mchana. Niliporudi jikoni nilisikia harufu ya samaki nikadhani kuna mgeni amechelewa. Kumbe ni kahawa. Punje zilikuwa nyeusi, zinameremeta kweli kama za mkebe. Mzee Mgaya akachota kwa mwiko, akasogeza puani, akavuta pumzi ndefu na kufumba macho.

"Safi," akasema. "Hii sasa ndiyo kahawa."

Nilimheshimu, nikafikiri labda kahawa ya moto ndivyo inavyonuka. Nikazitia kwenye kinu. Kinu kilizunguka kidogo, kikakoroma, kikaziba. Meno yote yalijaa uji mweusi wa mafuta. Kilichotoka kilitosha kikombe kimoja, nacho kilikwenda kwa Meneja kwa sababu yeye ndiye aliyetakiwa kuonja kwanza. Alikunywa funda moja. Akakiangalia kikombe kwa muda, kama mtu anayetafuta mwiba.

"Nani ameinusa hii kabla haijaja kwangu?"

"Mpishi mkuu, Ndugu Meneja," nikasema, nikidhani namtetea Mzee Mgaya.

Alasiri tulikaa uani kusafisha kinu, mimi na mzee. Nilifungua skrubu, nikazitoa sahani, tukazisugua kwa mswaki na maji ya moto. Ukitaka kujua fundi, mtazame anavyosafisha. Mzee Mgaya alipitisha mswaki kwenye kila jino kama anampigisha mswaki mtoto. Nikapata ujasiri.

"Mzee, samahani. Kweli hukusikia ile harufu?"

Akasugua meno mengine mawili. "Harufu ya nini?"

"Ya mbasa."

Akaacha kusugua. Aliangalia mlango wa jikoni, akaniambia niufunge. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, "Mimi sina pua, mwanangu. Hii unayoona ni pambo. Tangu Kitonga."

Alikuwa amepanda lori la vitunguu, akitoka Ruaha Mbuyuni kurudi Iringa. Kwenye kona za Kitonga lori lilirudi nyuma likalala ubavu, naye akajigonga kisogo. "Nilipozinduka, gunia limenipasukia usoni. Machozi yanatoka, harufu hamna. Nikasema moyoni, vitunguu vya Mbuyuni siku hizi vimeharibika." Akacheka peke yake. "Nikangoja zirudi. Mpaka leo nangoja."

"Nani anajua?"

"Mke wangu. Alijua siku maharage yaliungua na mimi nimekaa nayo chumba kimoja, nasoma gazeti. Na sasa wewe."

Aliniambia anavyofanya. Nyama iliyoharibika aliijua kwa kuibonyeza. Maziwa yaliyochacha aliyajua kwa mlio wake yakichemka chunguni. Vitunguu aliacha kuvitazama, akasikiliza mpaka mafuta yabadilishe sauti. Chumvi na uchungu ulimi ulikuwa unavijua bado. Kahawa ndiyo iliyomfumania, kwa sababu ilikuwa ngeni na hakuwa na sauti yake.

"Mpishi asiye na pua watampa nini?" akasema. "Watampa mkono wa kwaheri. Nina mtoto wa mwisho bado yuko shule, na shambani jembe lilishanisahau. Nje ya jiko mimi ni mtu mrefu tu."

Nilimwonea huruma, tena nilimwogopea, kwa sababu nilijua ni mimi niliyemtaja kwa Meneja. Nikamwambia kuanzia siku ile mimi nitakuwa pua yake. Hakunishukuru. Alisema, "Basi kanuse yale maziwa ya asubuhi, nayatilia shaka." Yalikuwa yamechacha kweli.

Tulirudia kukaanga, safari hii bila mafuta, kwenye chungu kikavu juu ya jiko la mkaa, tukikoroga bila kupumzika. Mimi nilitoa taarifa za harufu: sasa majani, sasa mkate, sasa sukari inayoanza kuungua. Yeye aliinamisha kichwa juu ya chungu akasikiliza. Punje za kahawa zikikaribia kuiva hupasuka, kwa sauti ya bisi. Kisha zinanyamaza. Ukiendelea zinapasuka tena, safari hii kwa sauti ndogondogo, kavu, na hapo ndipo mafuta yanaanza kuchungulia nje. Mzee Mgaya alisimama katikati ya kelele mbili hizo. "Hapa," akasema, "zimenyamaza kama watu walioshiba. Epua." Tukazimwaga kwenye ungo, tukazipepea zipoe. Siku ya pili tulipozisaga, nilishika kikombe nikasimama nacho tu. Hiyo ndiyo ilikuwa kahawa ya baba. Nilikuwa msichana mkubwa, nimezaliwa chini ya miti ile, na ndiyo kwanza naijua harufu yake. Nilitaka sana mzee naye aipate. Nikamweleza kwa maneno, vibaya, naye akasikiliza kwa adabu kama mtu anayesimuliwa sinema.

Kelele za kupasuka hizo zishikeni. Mkikaanga kwa mitambo ya kidijitali yenye michoro, bado ni Mzee Mgaya tu anayezungumza humo ndani.

Lakini Meneja hakuwa amesahau mbasa. Ulikuwa unakuja mkutano mkubwa wa viongozi wa zao la kahawa, kutoka mikoa yote, na wangelala kwetu. Akatangaza kwamba mara hii watakunywa kahawa ya hapahapa, hakuna kopo. Akaongeza kwamba kabla ya siku hiyo atamjaribu mpishi mkuu yeye mwenyewe, ofisini, peke yake. Akishindwa, ataandikiwa apumzike, na mpishi mpya ataletwa kutoka Dar es Salaam. Alisema "apumzike" kwa upole, jinsi ofisi zinavyosema. Mzee Mgaya aliposikia, alivua aproni, akaikunja, akaivaa tena.

"Nitaingia na wewe," nikamwambia. "Nitasema nimeleta trei."

"Amesema peke yangu. Wewe kaa mlangoni, unisikilize. Kama nimekosea utasikia."

Nilikaa mlangoni na trei tupu kifuani. Mlango ulikuwa mnene. Harufu haikupita hata chembe, ila sauti zilipita. Nikasikia Meneja akieleza: visahani vitatu vya kahawa iliyokaangwa, kimoja hakijaiva, kimoja kimeiva, kimoja kimeungua. Atamfunga macho kwa kitambaa cha meza, asiangalie rangi. Anuse, aseme.

 Niliijua ile pumzi yake ndefu ya uongo, nikaisikia. Kisha akasema, "Ndugu Meneja, pua ya mpishi inaanzia mdomoni. Nitafune moja moja?"

"Tafuna."

Ya kwanza ililia nene, ikakataa, kama hindi kavu. Ya pili ilivunjika mara moja, safi, niliisikia mpaka kwenye fizi zangu. Ya tatu haikulia, ilisambaratika tu. Kati ya ya pili na ya tatu Meneja alikohoa sana, nikafikiri ana mafua.

"Hii mbichi," Mzee Mgaya akasema. "Hii imeiva. Na hii mmeiua."

Meneja akafungua mlango na dirisha, akatoka akinipita, macho mekundu. "Tayarisheni vikombe," akasema. Niliamini amekasirika kwa kushindwa. Nilipoingia kumchukua mzee, chumba kizima kilinuka mafuta ya taa, na mimi, kwa furaha niliyokuwa nayo, nikadhani wamejaza taa.

Mkutano ulikuja. Nilivuta ule wenzo mpaka bega likawa si langu. Wakubwa wa zao walikunywa, wakasifu, na mmoja akamuuliza Meneja kahawa hii inatoka nchi gani. Meneja akamjibu, Rungwe. Yule mkubwa akacheka sana, akamwambia ana utani mzuri. Wajumbe wakulima waliotoka vijijini waliionja, wakatazamana, wakaomba chai.

Baadaye nilihamishiwa Iringa pamoja na Mzee Mgaya, kwenye hoteli ndugu na ile ya Mbeya, na mashine ikaja na sisi ndani ya blanketi. Kule tulipata adui mwingine. Maji ya kisima cha hoteli yaliacha chokaa ndani ya boila, ileile mnayoiona chini ya birika, mpaka njia za maji zikaziba. Mzee alikuwa wa kwanza kusikia. Alisema mashine inakohoa kama mvuta tumbaku. Nilifungua boila kwa spana za kuazima za fundi magari na kukwangua magamba ya chokaa. Hapo ndipo nilipoanza kuitwa fundi, na wahudumu wakaacha kunituma soda. Kila asubuhi aliniita jikoni kwa salamu ya kwao, "Kamwene, pua," nami nilizunguka sufuria zake zote nikinusa, kisha nikarudi kwenye mashine. Hakuna aliyejua. Ndivyo tulivyoamini.

Muongo ulipokuwa unakwisha, umri wake wa kustaafu ukafika. Tulimuaga vizuri, kwa kuku na hotuba za kumhusu mtu mwingine. Mtoto wake wa mwisho alikuwepo, ameshaanza kazi, amevaa tai. Meneja wetu wa zamani alikuja kutoka Mbeya, suruali imenyooka. Wakati wengine wanacheza nilimpelekea kikombe, akainusa kahawa kwa muda kabla ya kunywa.

"Dada Tuse," akasema, "unaikumbuka siku ya visahani?"

"Naikumbuka, Ndugu Meneja. Alivitaja vyote."

"Chini ya kile cha katikati niliweka kitambaa. Nilikuwa nimekiloweka mafuta ya taa. Mimi mwenyewe nilishindwa kukaa chumbani. Yeye akakiinamia, akavuta pumzi, akaniambia hii imeiva."

 Nikaweka trei chini.

"Ulijua," nikasema. "Mbona hukumwondoa?"

Akamtazama Mzee Mgaya, aliyekuwa anacheza taratibu na mkewe, masikio yakiwa yametangulia. "Ilikuwa imeiva kweli," akasema. "Na mpishi wa Dar ningemfundishaje kusikia?" Kisha akaniomba nisimwambie mzee, na sikumwambia mpaka alipokufa. Wote watatu tulilinda siri moja, kila mmoja akimficha mwenzake.

Haya, mashine ya nyumbani. Nenda dukani asubuhi, kabla muuza duka hajachoka, umwambie aiwashe. Akisema haiwezi kuwashwa, aga uondoke. Akiiwasha, fumba macho. Kinu cha meno kinasaga kwa sauti moja, nene, inayoshuka na kuisha. Kile cha kisu kinachozunguka kinapiga kelele za ugomvi, na unga wake nusu vumbi nusu mawe. Chukua cha meno. Pampu isikike ikivuta pumzi sawasawa. Namba kubwa ya presha iliyoandikwa kwenye boksi iache hapohapo kwenye boksi, haisukumi maji. Kitovu cha ndani, kinachobana unga na kuupitishia maji, kiwe kinatoka kwa mkono ukakioshe bombani, maana usichoweza kukiosha utakinywa. Uliza ni nani Mbeya ana mipira yake. Ikichakaa mashine itavuja, na kadi ya dhamana haizibi tundu. Tia maji yaliyochujwa. Usitie punje zinazong'aa mafuta, zitakuzibia kinu, nami nimewaeleza jinsi nilivyolijua hilo. Na kama unakunywa kahawa siku ya Krismasi tu, nunua sufuria.

Mtaona sikuwaambia mnuse. Miaka yangu ya mwisho nanyi nilipata mafua makali, yale yaliyonilaza, na yalipoondoka yaliondoka na harufu zote. Nilingoja zirudi. Mkawa bado mnaniletea vikombe, "Mama Tuse, nusa hii," nami nikainama, nikavuta pumzi ndefu, nikafumba macho, kisha nikaomba punje moja nitafune. Mliniona mtu wa madaha. Kila chungu cha kukaanga nilikiinamia kwa sikio, na sikuwahi kuwaharibia.

Nilifikiri nimewaficha vizuri. Halafu, juzi nikiwa nyumbani sina la kufanya, nikamkumbuka Neema, huyu mdogo wenu wa meza ya maziwa. Karibu wakati uleule nilipopona, alianza tabia ya kusema kwa sauti kila anachokisikia puani. "Jamani, maziwa haya yamechacha." "Hii kahawa leo ina moshi." Akiuambia ukuta, hamwambii mtu, na kila mara mimi niko hatua mbili kutoka hapo. Nilikuwa namwona msichana mwenye maneno mengi. Mara kadhaa nilimkaripia anyamaze.

Neema, mwanangu, njoo Jumapili uchukue zile spana zangu. Na ukifika, uingie jikoni kwanza, usubiri kukaribishwa baadaye. Kuna maziwa ya asubuhi nayatilia shaka.